Kilo Sabini na Nne

Tik. Kabla ya mapambazuko, taa bado hazijawashwa, mlio huo mdogo ulitoka bafuni. Mkwe aliyekuwa chumba cha pili aliujua: baba mkwe amepanda mizani, ndege kifuani.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi saa aliyefariki wiki iliyopita. Mtaani walimwita Daktari wa Bafu. Kwa miaka kumi na moja aliokota ndege wa baharini waliodhoofika kwa njaa, akawatunza bafuni kwake, akawarudisha baharini. Familia ilioga kwa ndoo, uani. "Mwanangu alidhani kila bafu duniani lina ndege," mkwe anasema.

Mkwe huyo alipoolewa pale, maswali hayakumwisha.

"Baba, ndege ana njaa na samaki wapo. Mbona unampa maji ya chumvi na sukari?"

"Wa kwanza nilimshibisha samaki, mwanangu. Jioni hakuiona. Tumbo lililokaa tupu siku nyingi halibebi mzigo huo. Maji kwanza, samaki baadaye."

"Na mbona humsemeshi? Wewe ambaye hata saa mbovu unaigombeza!"

"Saa haitakaa ufukweni kungoja watu waje kuilisha. Ndege akituzoea, atarudia njaa ileile."

Ndege wake wa mwisho alikuwa mwari, yule mwenye mfuko chini ya mdomo. Kwenye mizani hakutulia hata kidogo. Basi fundi alimzungushia taulo, akambeba, wakapimwa wote wawili. Kilo sabini na nne. Fundi mwenyewe alikuwa na sabini na moja. Ndege, kilo tatu. Mifupa na manyoya tu.

Wiki sita zikapita. Ndege anakula ndoo nzima, mizani inasema yaleyale: sabini na nne. "Nimekosea wapi?" fundi akawa anajiuliza. Akaanza kusema huyu pengine hataiona bahari tena.

Asubuhi moja mkwe akamwambia, "Baba, hebu leo nimbebe mimi." Alipomwinua, nusura waanguke wote. Akapanda mizani naye. Akamshusha, akapanda peke yake. Akahesabu kwa vidole, akarudia. Ndege alikuwa na kilo sita.

Kilo sita, wasikilizaji. Ndege ameongezeka kilo tatu. Aliyepungua tatu ni nani?

"Baba alinitazama, mimi nikatazama vigae," mkwe anakumbuka. "Halafu akacheka. Akasema, 'Kumbe mgonjwa wangu kapona zamani! Kesho tumpeleke kwao. Keshokutwa mnipeleke mimi hospitali.'"

Hospitalini, ugonjwa ulikutwa umeshaenea mwilini. Aliishi miezi minne.

Kwa mjane wake, mwanawe, mkwe na mjukuu: poleni sana, tuko nanyi. Na sisi tunaosikiliza, tufikiri kidogo. Nyumbani kwako kuna mtu anayehangaikia wengine kutwa nzima. Yeye, leo nani kamuuliza anaendeleaje?

Niwaachieni siku ile ya ufukweni. Fundi alikaa kwenye kiti cha plastiki. Mkwe akafungua taulo. Mwari akatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake, akakimbia, akapaa. Macho ya fundi hayakufika mbali. Akamwomba mjukuu wake wa miaka mitano amtazamie: je, anageuka? Anawarudia watu? Mtoto akasimama mbele ya kiti, mkono juu ya paji la uso, akatazama, akatazama, kisha akasema kwa sauti:

"Babu, simwoni tena."