Kahawa Chini ya Benchi

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu. Asubuhi nafika wa kwanza, jioni naondoka wa mwisho, na wenzangu wanadhani napenda soga. Soga gani? Sitaki wanione ninavyoinuka. Wananiita Ngazi kwa sababu ujana wangu wote nimepaka rangi maghorofa, niko juu huko napiga mluzi. Sasa naogopa sakafu ya choo changu mwenyewe. Nilipoanguka mara ya kwanza, binti yangu alisema, “Baba, ukianguka tena nyumba tunaifunga, unahamia kwangu.” Nimeanguka tena, na sijamwambia mtu.

Leo maneno yalimwangukia mshonaji wa ng’ambo ya barabara.

— Tangu ajikwae kizingitini hatoki, akasema Kinyozi. Nguo anakupimia dirishani.

— Kavunjika? akauliza Redio, dereva mstaafu asiyezimika.

— Mzima kabisa. Anaogopa tu.

— Mchumia juani hulia kivulini. Angekaa kivulini toka mwanzo asingeanguka.

— Methali hiyo haiendi huko.

— Inaenda ninakoipeleka. Tatizo ni dunia, bwana. Siku hizi inazunguka kasi. Sisi tulizoea ile ya polepole.

— Acha hizo. Tatizo ni nywele. Ukinyoa zote kichwa kinakuwa chepesi, unayumba.

— Mshonaji ana nywele mpaka mgongoni.

— Basi ndizo zilizomvuta nyuma.

Wakacheka. Nami nikacheka, vidole vimeng’ang’ania ubao.

— Woga ni uvivu, nikasema kwa sauti. Mimi nimesimama ghorofa ya nane bila kamba. Mtu mzima anaogopaje kizingiti?

— Waambie, Ngazi, akadakia Redio.

Mama Kahawa akapita na birika, akatujazia vikombe. Nyuma yake alikuja mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, kijana mpole, akaketi kando yangu. Akatazama chini, penye miguu yangu.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba.

— Samahani, mbona kahawa yako unaimwaga?

Wote wakainama kutazama. Udongo chini yangu ulikuwa umelowa, mweusi.

— Kumbe mbaya, baba? akauliza Mama Kahawa, na sauti yake iliniuma.

— Nzuri sana, mama.

— Sasa?

Sasa nini. Nikinywa nitabanwa na mkojo. Nikibanwa itabidi niinuke, nifike kule kwenye sakafu ile, peke yangu, mlango umefungwa. Kiu ni afadhali. Nikazidi kuung’ang’ania ubao.

Kinyozi alimwangalia Redio. Redio alitazama mkono wangu ulioshika ubao, akatazama mlango wa nyumba yangu. Akasimama mbele yangu, akaninyooshea mkono.

Niliuogopa mkono ule kuliko ghorofa zote.

— Msimwambie binti yangu, nikasema.