Mama Moreen na Vifuniko Vilivyotobolewa

Nyote mliofika kumsindikiza dada yangu, asanteni. Mimi ni Ochola, mdogo wake, na ni yeye mwenyewe aliyeagiza nisome mimi, si mwingine. Nitaeleza maisha yake tangu mwanzo. Nitaeleza pia jambo ambalo kila mtu hapa Bwaise amekuwa akijiuliza tangu Januari: ni nani aliyefungulia uchafu wa choo chake kwenye mtaro wa chemchemi yetu. Mtu huyo yuko chini ya hema hili. Msianze kutazamana, nitamfikia.

Marehemu Awiti alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za reli, Nsambya, akiwa mtoto wa pili wa marehemu baba yetu, Mzee Owuor, fundi wa reli, na marehemu mama yetu, Ajwang'. Alianza shule hapo hapo Nsambya mwaka 1968. Mwaka 1970 Wakenya walipoamriwa kuondoka Uganda, alikuwa na miaka tisa. Jirani aliyekunywa chai nyumbani kwetu Jumapili ndiye aliyewaonyesha askari mlango wetu siku ya pili yake. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini marehemu alinisimulia kisa hicho mara nyingi mpaka nikawa namwona huyo jirani na kidole chake. Alimalizia masomo Kisumu, darasa la saba mwaka 1975 na kidato cha nne mwaka 1979.

Tangu hapo marehemu hakukubali neno la mtu bila kulihakiki. Chumvi aliyopimiwa dukani aliipima tena nyumbani. Mwaka 1984, Wanjala wa Funyula, dereva wa lori, alipomposa, marehemu alikwenda mwenyewe kwenye yadi ya malori kuwauliza madereva wenzake kama bwana huyo ana mke mahali pengine. Aliwauliza watano, mmoja mmoja, ili wasisikilizane. Shemeji alikisimulia kisa hicho kila Krismasi, huku marehemu akimjibu kwamba dereva wa sita hakumpata tu. Waliishi vizuri, wakamzaa Moreen mwaka 1990, na Mungu akamchukua shemeji mwaka 2014.

Walihamia Kampala mwaka 1988. Marehemu alipika katika hosteli ya wanafunzi Wandegeya kwa miaka tisa, kisha mwaka 1997 akafungua kibanda chake cha chakula karibu na soko. Hakutupa kitu. Hata vifuniko vya plastiki vya chupa za soda alivikusanya kwenye mifuko, kila rangi na mfuko wake. Tulipomuuliza vya nini, alisema siku yake itafika. Alifunga kibanda mwaka 2015, akachaguliwa kuwa mjumbe wa afya wa zoni yetu, na ufunguo wa uzio wa chemchemi ukawa shingoni mwake.

Chemchemi hiyo mnaijua. Mabomba mawili, ukuta wa saruji ambao Mzee Kamis aliujenga kwa mikono yake mwaka 1998, na watu kupanga foleni na jerikeni tangu alfajiri. Januari mwaka huu maji yakaanza kunuka kila baada ya mvua, na watoto wakaharisha mwezi mzima. Vyoo vyetu huku ni vya ngazi, kwa sababu chini kuna maji, na kila choo kina tundu nyuma lililozibwa. Mwenye roho mbaya husubiri mvua kubwa, akazibua, na mafuriko yakamfanyia kazi. Marehemu alifunga uzio kwa kufuli, na Jumapili tarehe 2 Februari tukaitwa mkutanoni. Mtu mmoja akasimama akasema kwa sauti, "Choo ya Kamis ndiyo iko juu ya chemchemi. Tunatafuta nini tena?" Watu wakapiga makofi. Mzee Kamis aliondolewa kwenye kamati siku hiyo hiyo. Mkewe, Mama Kaltumi, ambaye mikate yake ya gurusa tuliinunua na kuila kila asubuhi na chai, akaanza kurudi nyumbani na sinia limejaa.

Marehemu hakupiga makofi. Alianza kutembelea nyumba za wenye vyoo vinavyopakana na mtaro, sita kwa jumla, na kila nyumba aliomba kwenda msalani. Mlimsengenya kwamba ana ugonjwa wa tumbo. Hata Mzee Kamis alimwambia, "Mama Moreen, tumbo yako inaharibika kila siku? Enda hospitali, choo yangu si dawa." Akacheka tu. Kumbe alikuwa ametoboa vifuniko vyake katikati kwa msumari wa moto, ili visichanganyike na takataka nyingine, na kila choo alikuwa akikitupia rangi yake. Cha Mzee Kamis, nyekundu. Kisha akafunga wavu kwenye mtaro, hatua nne juu ya chemchemi, akasubiri mvua.

Ilinyesha Jumanne tarehe 8 Aprili, mchana. Marehemu aliingia mtaroni mwenyewe, na miaka yake sitini na minne, akakagua wavu. Chekundu hakikuwemo hata kimoja. Alivifunga alivyovipata kwenye kitambaa, akaja navyo kwangu, akavimwaga mezani, vifuniko saba.

"Ochola, hii ni rangi gani?"

"Njano."

"Na choo gani niliipa njano?"

Ndugu zangu, njano ilikuwa ya choo changu. Mimi ndiye niliyefungulia, na mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikamtaja Kamis. Wapangaji wa vyumba vyangu kumi na kimoja walikuwa wamekijaza choo, na gari la kunyonya uchafu haliingii kichochoro changu. Hizo ndizo sababu zangu, na hazikuwafaa watoto walioharisha.

Marehemu hakunipigia kelele. Aliniambia, "Nakupa mpaka mvua za Septemba. Useme mwenyewe, jina la Kamis lisafishike." Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Kila aliyenisalimia nilimtazama machoni nione kama ameshaambiwa. Nilimshuku Moreen, nikamshuku mwenyekiti, hata mchungaji. Awiti hakumwambia mtu. Septemba ikafika, nikakaa kimya.

Mwezi huo huo marehemu alilazwa. Sukari aliyokuwa nayo tangu 2011 ilikuwa imezila figo. Nimesikia minong'ono kwamba ni maji ya chemchemi yaliyomuua. Daktari amekataa, na nilimuuliza mara tatu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na haja kubwa ya kujua. Siku nne kabla hajafariki aliniuliza, "Umesema?" Nikajibu, "Bado." Akasema, "Basi wewe ndiye utasoma wasifu wangu." Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Moreen.

Niliogopa kwamba nikisimama hapa nitairuka sehemu hii. Ndiyo maana nimeipeleka ichapwe kwenye kijitabu cha mazishi. Kijana wa mashine kule Wandegeya aliniuliza mara mbili kama kweli ibaki, nikamwambia ibaki. Sasa mnayo mikononi.

Marehemu ameacha binti mmoja, Moreen. Mjukuu mmoja, Travis. Mdogo wake, ambaye ni mimi. Na mashemeji wa Funyula, ambako tutamlaza kesho kando ya mumewe. Ameacha pia zoni nzima inayopaswa kuwaomba Mzee Kamis na Mama Kaltumi msamaha, na mimi nikiwa wa kwanza.

Ufunguo wa chemchemi ninao mfukoni. Mzee Kamis, umekaa nyuma kabisa karibu na lango. Nakuomba baada ya sala uje mbele uupokee. Kama hutaki kuupokea kutoka mkononi mwangu, nitauweka juu ya jeneza, uupokee kutoka kwake.

Tundu la choo changu nimeliziba kwa saruji jana asubuhi, na Moreen amelikagua mara mbili. Pumzika kwa amani, dada yangu. Hutahitaji kurudi kuhakikisha.