Mkono Alioungoja Kocha Khisa

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Nyongesa mliosafiri kutoka Kimilili, wakwe zetu kutoka Gulu, uongozi wa chuo, majirani wa Kamwokya, wanamieleka wa timu ya Nyati, na nyinyi mashabiki ambao mmekuja wengi kuliko chai tuliyopika, ninawasalimu wote kwa heshima, mimi naitwa Nasimiyu, ninauza nguo za watoto sokoni Kamwokya, na huyu aliyelala hapa mbele ni kaka yangu, tumeachiana ziwa. Ninasoma kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha hapa, Mbukusu, Mwacholi, Mnubi na Muganda, na atakayekiona Kiswahili changu kigumu amuulize wa pembeni yake, taratibu, bila kelele.

Kabla sijaanza niseme wazi kwamba asubuhi hii wazee walikaa wakaniagiza kwamba nikifika mwaka 2019 nipite haraka, mambo ya fainali ile yasiguswe mbele ya jeneza, nami niliitikia kwa kichwa kama mtoto mwenye adabu, lakini Whitney, binti wa marehemu, alinifuata jikoni akaniambia kwamba shangazi, ukiruka hapo utakuwa umewakubalia waliomsema baba. Kwa hiyo Baba mdogo, ninaona unavyonitolea macho, ninakuomba radhi mapema, leo siruki kitu.

Protas Khisa Nyongesa alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Kimilili, Bungoma, mtoto wa tatu wa mzee Nyongesa na mama Nanjala lakini wa kwanza kuishi, maana wawili waliomtangulia walikufa wachanga, ndiyo sababu akaitwa Khisa, jina ambalo kwetu hupewa mtoto ambaye wazazi wanataka kumficha ili kifo kisimwone. Alisoma shule ya msingi palepale Kimilili kuanzia 1981 hadi 1988, akaendelea na sekondari mpaka mwaka 1992, akifanya vizuri katika hesabu, ila moyo wake ulikuwa kwenye mieleka ile ya vijana baada ya mavuno, baba alimkataza, mama akamshonea shati lililochanika, kesho yake likachanika tena mahali palepale.

Mwaka 1998 alivuka mpaka akaja Kampala kutafuta maisha, akapata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala moja upande wa viwanda, Bugolobi, na jioni akawa anafanya mazoezi na vijana wa huko, wakapigana mieleka juu ya magunia yaliyoshonwa pamoja, hadi mwaka 2004 chuo cha ufundi kilicho jirani kilipomwajiri awe kocha wa timu yake, na ndiyo timu ya Nyati mnayoijua. Tarehe 16 Desemba 2006 alifunga ndoa na Anena, binti wa Gulu, hapahapa katika kanisa hili la Lubaga, na Mungu akawajalia watoto wawili, Whitney aliyezaliwa 2008, na Nyongesa mdogo aliyezaliwa 2012, ambaye ana masikio ya babu yake na ukaidi wa baba yake.

Kama kocha alikuwa mkali, tusidanganyane, wapo hapa wanaume wenye ndevu ambao aliwahi kuwazungusha uwanja mpaka wakamlilia mama, lakini hakuwahi kumtukana mwanamieleka aliyeshindwa, na alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko zote, kwamba pambano haliishi kwa kipenga cha refa, linaisha kwa mkono, umeshinda au umeshindwa unampa mkono mpinzani, kisha unampa mkono kocha wako, ndipo unatoka. Mwanafunzi aliyenuna akatoka bila kutoa mkono, Khisa hakumfuata wala kumwita, alikaa chini pembeni ya mkeka akamngoja, na wote walijua kwamba hatainuka hapo mpaka mwenyewe arudi, na siku zote mwenyewe alirudi, isipokuwa mmoja.

Sasa tumefika.

Tarehe 23 Novemba 2019, siku ya Jumamosi, hapa Kampala, Nyati waliingia fainali ya vyuo dhidi ya chuo kimoja kutoka Kisumu, na pambano la mwisho, lililobeba ubingwa, lilikuwa la Hamim, kijana wa Kinubi kutoka Bombo, ambaye marehemu alimpokea akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu vya mieleka, akamlea, wakala sahani moja pale nyumbani, Anena akamfulia nguo pamoja na za watoto wake. Mshindi wa pambano hilo alikuwa amewekewa nafasi ya kwenda ng'ambo kufanya mazoezi mwaka mzima, kwa hiyo kwa Hamim halikuwa jambo la kikombe tu, ilikuwa maisha yake, na kaka yangu alilijua hilo kuliko mtu yeyote ukumbini.

Dakika zikiwa zimekaribia kwisha, Hamim akiwa nyuma kwa pointi moja, alimkumbatia mwenzake kiunoni karibu kabisa na mstari, akamnyanyua, akamtupa chali, ukumbi mzima ukasimama, ngoma ya mzee Sulaimani, mwenyekiti wa mashabiki, ikapasuka kwa kupigwa, na refa akainua vidole kumpa Hamim pointi zake. Lakini refa alikuwa upande wa pili, mgongo wa Hamim umemziba, na aliyekuwa amekaa kwenye kona ile ni Khisa, akaona kwamba kisigino cha Hamim kilikanyaga nje ya duara kabla hajamnyanyua mwenzake, na sheria inasema ukitoka nje kwanza, kutupa kwako hakuhesabiki.

Katika mashindano yetu kocha asiyekubaliana na refa hutupa kitambaa chake juu ya mkeka, pambano husimama, waamuzi humsikiliza, na hakuna mtu aliyewahi kuona kocha akitupa kitambaa kwa sababu ya pointi aliyopewa mwanafunzi wake mwenyewe, ndiyo maana Khisa alipokitupa nyinyi mlishangilia mara mbili, mkidhani anadai pointi ziongezwe. Waamuzi wakamwita, akanyoosha kidole akawaonyesha mahali kisigino kilipokanyaga, wakamuuliza Hamim, na Hamim akasema alikuwa ndani, wakatazamana, wakaona kwamba kocha hawezi kusema uongo wa kumwangusha mtoto wake, wakafuta pointi, na ubingwa ukaenda Kisumu.

Chupa ziliruka, mnakumbuka, moja ilimpata kijana wa Kisumu kwenye bega, naye hakuwa amekosa lolote, na kaka yangu alimkinga kwa mwili wake mpaka akatoka, jambo ambalo liliwachoma baadhi yenu kuliko hata kile kitambaa. Hamim alimpita mpinzani wake bila mkono, akampita na kocha wake, na Khisa alikuwa ameunyoosha, akabaki ameunyoosha, halafu akakaa chini pembeni ya mkeka, akangoja, watu wakaisha ukumbini, askari akaja na funguo, Anena akaja akamwinua.

Yaliyofuata mliyasema nyinyi wenyewe, redioni, kwenye makundi ya simu, kwenye vibanda vya chai, Kamwokya nzima ikawa na leseni ya refa. Mzee Sulaimani alisema kwamba kocha si mwamuzi, kila mtu ana kazi yake, na mpishi hatoki jikoni kwenda kuwatangazia wageni kwamba chumvi imezidi, na hoja hiyo, mzee wangu, niliisikia na nikaona ina uzito. Wengine walisema huwezi kumlea kijana miaka yote hiyo halafu ukawa shahidi dhidi yake, na hilo pia lilimuuma marehemu, alilirudia mwenyewe mezani akiwa ameacha kula. Lakini wapo waliosema kwamba Mkenya amewauzia Wakenya wenzake mechi, kwamba damu ni nzito, na Whitney akiwa na miaka kumi na mmoja akaitwa shuleni mtoto wa Kisumu, ilhali sisi ni wa Bungoma, Kisumu tunapita tu tukienda kwa watu. Kuuza mechi, ndugu zangu, ni neno jepesi mdomoni, ila sisi tuliokaa nalo nyumbani tulijua uzito wake.

Uongozi ulimpumzisha msimu mzima, naye hakulalamika, akawa anafundisha watoto mieleka kwenye kiwanja cha parokia, na alipoulizwa kwa nini alitupa kitambaa kile, alisema kwamba alikiona kisigino na hakuwa na namna ya kutokukiona, na kwamba angenyamaza, Hamim angekuwa bingwa huku akijua kwamba kocha wake aliona na akanyamaza, na kuanzia siku hiyo asingemwamini tena kwa neno lolote. Watu walimshauri amtafute Hamim, amlazimishe aseme ukweli mbele ya mashabiki ili jina lake lisafishwe, akakataa kabisa, akasema kijana wa miaka ishirini na mmoja mwenye ukumbi mzima nyuma ya mgongo wake asihukumiwe kwa neno alilolitoa akiwa anahema. Mimi nilikasirika wakati huo, na bado nina hasira, sitaki kujifanya mtakatifu kwa sababu kuna jeneza hapa. Hamim aliacha mieleka, akaenda kuendesha malori ya mizigo ya Juba, na kwa miaka sita hakukanyaga kwetu.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Agosti 2023, akawa anasafishwa damu kila wiki, akapungua mpaka mikono ile iliyokuwa ikinyanyua wanaume wawili ikawa inashindwa kushika kikombe, na hata hapo, mlango ukigongwa, alikuwa anauliza kama ni Hamim, Anena anamjibu hapana, ni jirani, naye anasema sawa. Jumapili iliyopita alituita mimi na Anena akatupangia yeye mwenyewe watakaombeba, akawataja wanafunzi wake watano, akasema nafasi ya sita, ya mbele upande wa kulia, ibaki bila jina, kwa sababu kuna pambano lake moja ambalo halijaisha, na hatukuhitaji kumuuliza ni lipi. Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, alfajiri, mkewe akiwa amemshika, alikata roho.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, ninamshukuru jirani yetu Awiti, mwenyewe ni wa Kisumu, ambaye alitukanwa pamoja nasi na bado kila jioni alileta uji, ninawashukuru walimu wenzake wa chuo, wanamieleka wa zamani na wa sasa, na ninawashukuru nyinyi mashabiki pia, hata nyinyi, maana mtu asiyeupenda mchezo hawezi kukasirika kiasi kile, na mzee Sulaimani ninakushukuru kwa kuja na ile ngoma, nimeona umeishona. Tukitoka hapa gari litaondoka kwenda Kimilili, mazishi ni kesho Jumamosi saa sita mchana.

Sasa wabebaji watano wapite mbele. Hamim, nimeambiwa umesimama pale langoni tangu ibada ianze, nami sikuiti kwa kukulazimisha, aliyekataa kukulazimisha akiwa hai asivunjiwe neno lake akiwa amekufa, nafasi ni hiyo, mbele kulia, mshikio mmoja, na usipokuja tutambeba hivyohivyo, mwishoni hakuwa mzito.

Mpisheni njia, tafadhali, msimguse, mwacheni apite, na wewe mwenye simu iteremshe.

Haya yafuatayo hayamo katika karatasi yangu. Hamim amefika, ameshika mshikio wake kwa mkono wa kulia, ameninong'oneza na ameniomba niwaambie kwa kipaza sauti, mashabiki wote wasikie, mzee Sulaimani asikie, na Whitney asikie, kwamba kisigino kilikuwa nje, alikuwa anajua tangu siku ile kwamba kilikuwa nje.

Kaka, mkono umeupata, pambano limeisha, sasa unaweza kuinuka pembeni ya mkeka ukaenda zako. Pumzika kwa amani.