Mwalimu Joanitha Anaondoka, Darasa la Kijerumani Halitoki

Mwalimu Joanitha anastaafu tarehe 30 Juni 2003, baada ya kufundisha shuleni kwetu hapa Gungu kwa miaka ishirini na sita. Kamati ya sherehe imeniagiza mimi, Isaka wa Jiografia, niandike wasifu wake kwa lugha ya furaha. Furaha ninayo, maana ni mwenzangu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Lakini hasira pia ninayo, na sioni kwa nini niifiche. Siku anayoondoka yeye ndiyo siku darasa lake la Kijerumani limeamriwa kufungwa, na chumba chake kigeuzwe stoo ya saruji.

Alizaliwa Bukoba. Serikali ilimpeleka Ujerumani akasomee shahada ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, akafaulu vizuri, akarudi na sanduku zima la vitabu. Kisha akapangiwa Kigoma kufundisha Kifaransa! Aliambiwa kwamba huku tunapakana na Burundi na Zaire, na kwamba aliyekwisha kujifunza lugha moja ya Kizungu nyingine haziwezi kumshinda. Jamani! Ni sawa na kumpa fundi saa kazi ya kutengeneza redio kwa kuwa zote zina skrubu. Alijifundisha Kifaransa mwenyewe, akiwatangulia wanafunzi wake kwa kurasa chache tu, na hakuna mkubwa aliyemwambia hata ahsante.

Kijerumani alikifundisha jioni, bure, kwa yeyote aliyetaka. Watu walimcheka: Kigoma hii atazungumza Kijerumani na nani, na stesheni ya reli waliyoijenga Wajerumani? Alicheka nao, akaendelea. Kwa somo la utamaduni alichachusha kabichi ndani ya ndoo kwenye chumba cha walimu, mpaka mkuu wa shule wa wakati huo akaamuru dari lifunguliwe atafutwe panya aliyekufa. Tulipobembelezwa tuionje ile kabichi pamoja na migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwa letu, ndoo iliisha siku hiyo hiyo.

Walipoingia wakimbizi wa Burundi, halafu wa Kongo, darasa likajaa. Ulikuwapo ufadhili wa kuwasomesha wakimbizi chuo kikuu hapa nchini, shahada ya Kijerumani ikiwamo, ila kwanza ufaulu mtihani wa kuzungumza. Kwa kijana asiyeweza kutoka kambini bila kibali, mlango mwingine haukuwapo. Katika waliojaribu alikuwamo Leonia, binti wa Kirundi, mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha.

Mtahini aliletwa kutoka Dar es Salaam. Sasa huku kwetu, Muha kwa Mrundi, hugusi shughuli kabla hujamaliza salamu. Leonia akaingia, akainama, akapiga makofi taratibu, akamuuliza mtahini ameamkaje, safari ilikuwaje, watoto hawajambo, mama yake mzazi anaendeleaje, na mvua kwao imenyesha? Yote kwa Kijerumani, bila kubabaika. Mtahini akatazama saa, akasema muda umekwisha na mada haijaguswa. Akamfelisha!

Mwalimu alichemka. Alidandia lori hadi stesheni, Leonia akiwa pembeni yake, akamkuta bwana yule anasubiri treni, ambayo kama kawaida yake ilikuwa imechelewa. Mbele ya abiria na magunia yao ya dagaa akamshukia kwa Kijerumani kitupu. Leonia ndiye aliyetutafsiria baadaye. Mwalimu alimuuliza: “Shahada hii ni ya lugha na utamaduni. Ni utamaduni gani unaoanza kwa kumfundisha mtu kukosa adabu?” Mtahini akamwomba binti aanze upya, palepale kwenye benchi. Safari hii mtahini alizijibu salamu moja moja. Alipoulizwa tena habari za mama yake, akasema amelazwa hospitali. Wakazungumza hadi treni ilipoingia, na Leonia akafaulu.

Mwaka jana Leonia alimaliza shahada yake, akarudi kambini kwa mama yake. Aliomba arithi darasa hili, hata bila mshahara. Ofisini mkoani wakajibu kwamba mkimbizi haajiriwi, na kwamba Kijerumani hakina manufaa Kigoma. Tukaomba basi apewe kibali cha kuja kufundisha tu. Kimya hadi leo. Loo! Mkoa huu umekaa na watu hawa miaka yote, tumegawana nao maji na kuni, halafu anayeweza kuwafundisha watoto wetu wa Rusimbi na Mwandiga tunamwacha akae chini ya turubai akisubiri mgao wa mahindi. Inaudhi, na inaumiza. Vijana waliobaki darasani wana mtihani wao mwezi Oktoba na hawana mwalimu.

Waheshimiwa mlioamua hivyo mmealikwa leo, na mmekaa mbele. Karibuni pilau. Ila mjue kwamba walimu tumekaa kikao tukakubaliana: madawati ya chumba kile hayatoki. Saruji ilale barazani. Jumatatu jioni Mwalimu Erica atafungua mlango na kuwasimamia wanafunzi, nami nitakuwa mlangoni kwenu kuomba kibali cha Leonia, na Jumanne pia, na siku zitakazofuata, mpaka mchoke kuniona.

Mwalimu Joanitha, ahsante kwa yote, hata kwa ile kabichi. Mungu akujalie afya, wajukuu na usingizi mzuri. Nenda Bukoba ukapumzike, mama. Kugombana tutagombana sisi.