Kivuli cha Julai cha Dalmas Obonyo

Mchungaji, wazazi, majirani na marafiki mliofika hapa uani kabla hatujaanza safari ya kumpeleka nyumbani, anayesimama mbele yenu kwa niaba ya familia ya Mzee Omolo ni Naftaly, kaka mkubwa wa marehemu, na atayasoma yote, hata yanayomhusu yeye mwenyewe.

Dalmas Obonyo alizaliwa Yala tarehe 3 Machi 1968, mtoto wa pili wa Mzee Omolo na Mama Nereah, akaletwa Kibera akiwa na miaka sita, akasoma huko, na akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1986.

Alianza kwa kuandika mabango ya salon na hardware pale Kawangware 56, na Aprili 1996 akaajiriwa mjini na ofisi ya wasanifu majengo, achore kwa kompyuta nyumba ambazo bado hazijajengwa. Programu ile ya kuchorea ilitoka Ulaya, na jua la ndani ya picha zake lilikaa kusini mwaka mzima, kama la huko. Ni Dalmas aliyesimamisha kijiti hapa uani, akapima kivuli Juni na Desemba, akawaonyesha wakubwa wake kwamba jua la Nairobi katikati ya mwaka hupita kaskazini. Tangu hapo, picha zake zilikuwa na kivuli ambacho ungetamani kuketi chini yake.

Alifunga ndoa na Filister Adero tarehe 17 Desemba 1994, wakajaliwa Hope na Ken, wakaishi katika chumba hiki kilicho nyuma ya huyu anayewasomea.

Januari 1997 mwenye ploti ya jirani, upande wa kaskazini wa ua huu, alitaka picha ya ghorofa la orofa tano alilokusudia kujenga, awaonyeshe majirani watie sahihi ya kulikubali, na Naftaly alikuwa ameahidiwa unyapara wa ujenzi. Picha ya kwanza ya Dalmas ilionyesha kivuli cha Julai kikilala juu ya ua huu kutwa nzima, hadi mlangoni pake mwenyewe. Naftaly alimwendea akamwambia, "Bro, si ni kivuli tu, rudisha hiyo jua ya wazungu," na Dalmas, ambaye hakuwahi kumkatalia kaka yake neno, akalirudisha, kivuli kikaangukia barabarani, watu wakatia sahihi.

Ghorofa lilikamilika Machi 1998, Juni kuta za chumba zikaota ukungu, Agosti Dalmas akaanza kukohoa. Daktari alisema maradhi ya kifua yana sababu nyingi, na Filister hajamlaumu mtu, lakini wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo Naftaly anambeba mgongoni. Dalmas alituacha Ijumaa, tarehe 9 Julai 1999, saa nne asubuhi, chumbani mwake, taa ikiwa imewashwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, na wenzake wa kazini waliotuletea ile picha ya kwanza, ambayo kumbe hakuifuta. Iko hapo juu ya jeneza. Itazameni, kisha mtazame chini mlipoketi, mtaona kivuli kimefika palepale alipokichora.

Ulisema kweli, Dalmas, na mimi nilikuomba uongo. Mdogo wangu, pumzika kwa amani.