Bafu Lisilo na Kizingiti

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti hii niliyonayo ni ya kuazima na mwenyewe anaidai. Salimu, mdogo wangu, kaa hapa kwenye kigoda, unyooshe mguu wako mzito, usione haya, humu hamna mgeni. Mwamina mwanangu, niinulie mto. Biasha mjukuu wangu, kaa mlangoni kuku wasiingie. Na wewe Abdulatifu, mkwe wangu, najua uko barazani nyuma ya ukuta huu, kwa kuwa mkwe haingii chumba alicholala mama wa mkewe. Kaa huko huko, ukuta wa udongo haujawahi kuziba sikio la mtu. Mwisho nitakuuliza neno, nawe utakohoa nijue umesikia.

Shamba hili la Ruponda nililipata kwa mama yangu, na kwa desturi yetu Wamwera linakwenda kwa Mwamina, na mwenye kauli juu yake ni mjomba wake, ndiwe Salimu. Hilo siligusi. Mikorosho ni ya Mwamina. Shamba la ufuta la Mbekenyera nakuachia wewe Salimu, uliyelilima miaka yote bila kuniuliza, basi sasa ulilime umeulizwa. Kitanda changu cha kamba ni cha Biasha siku atakapoolewa. Hayo ni mepesi. Zito ni lile ulilolisema, Salimu, mbele ya watu wakati wa mavuno, kwamba nikishazikwa Abdulatifu afunge mzigo wake arudi ng'ambo ya Ruvuma alikotoka, na bafu alilonijengea livunjwe, kwa sababu mkwe aliyejenga bafu la mkwewe amevunja mwiko na kuuaibisha ukoo. Nimekaa na neno hilo muda mrefu. Leo nalijibu, tena kwa upole, maana ninaondoka nimeridhika, na aliyeridhika hana haja ya kupiga kelele.

Mnakumbuka bafu letu la zamani, la mabua ya mtama, na jiwe la kukanyagia, na gogo tuliloliweka mlangoni liwe kizingiti cha kuzuia kuku. Mwaka ule matingatinga ya shamba la karanga yalipokuwa yanang'oa msitu Nachingwea, masika, nikiwa na povu la sabuni machoni, jiwe lile liliteleza nami nikaangukia gogo. Nyonga ikatoka. Fundi wa mifupa alinivuta nikaona nyota mchana, lakini mguu ulirudi mfupi na tangu siku hiyo haukuniamini, wala mimi sikuuamini. Hujafa hujaumbika, wanangu. Nilikuwa mwanamke wa kubeba mtungi kichwani bila kuushika, nikawa wa kuogeshwa ndani ya nyumba, kwenye karai, na Mwamina, na wakati mwingine na jirani, Mwamina akiwa shambani. Sikukosa upendo. Ila mtu mzima akiogeshwa hujifunza kunyamaza upya, na mimi, mnanijua, kunyamaza sikukuzoea.

Abdulatifu alikuwa anamwaga zege huko Nachingwea. Kazi ilipopungua, wengi wakarudi na shuka na redio ya kuharibika. Yeye alirudi na masalia ya saruji na bomba la chuma lililopinda ambalo msimamizi alimwambia achukue, halina kazi. Aliona karai likitolewa asubuhi na jioni. Siku moja nikasikia shoka: anang'oa lile gogo. Akapanua mlango wapite watu wawili bega kwa bega. Akamwaga sakafu yenye mteremko kuelekea migombani, na kabla haijakauka akaikwaruza kwa ufagio wa chelewa ili unyayo upate kushika. Akajenga kiti cha udongo na saruji ukutani, na kando yake kijukwaa cha kuwekea mtungi, mtu asiiname. Kisha akalichimbia lile bomba ukutani liwe mkono wa kujivutia.

Hapo ndipo lilipotokea kosa, na ni kosa la adabu. Bomba linataka kimo cha mtu, na mkwe hamtazami mkwewe, achilia mbali kumpima akioga. Basi alimsimamisha mkewe akapima kwa Mwamina. Na Mwamina ni mrefu kama marehemu baba yake. Nilipoingia nikaketi, bomba lilikuwa juu ya masikio yangu. Ningemwambia nani? Mimi siwezi kuzungumza na mkwe habari za kuoga kwangu. Mwamina naye hawezi kupeleka maneno ya bafu la mama yake kitandani kwa mumewe. Basi nyumba nzima ikashika adabu, mimi nikarudi kwenye karai, na bomba nikalianikia kanga. Majirani walikuja kulisifu bafu. Nawe Salimu ulikuja, ukalizunguka na fimbo yako ya madaha, ukasema, "Dada, hili ni bafu au stesheni? Imebaki kengele tu, treni ipite." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kisha nikaingia ndani, kicheko kikaniisha.

Kesho yake nilimsikia Abdulatifu akichonga mpini nyuma ya ua. Nikaita, "Mkwe wangu, uko mbali?"

"Niko mbali, mama, na nimegeuka."

"Bomba lako zuri, ila umemjengea twiga."

Akaacha kuchonga. Kisha akasema, "Nilipima kwa Mwamina."

"Mwamina ni mzima. Mimi ni hiki kilichobaki."

"Sasa nitakijuaje kimo chako, mama, nami sikutazami?"

Nikaketi, nikaisimamisha fimbo yangu ya kutembelea kando ya nyonga, nikachomoa uzi kwenye pindo la kanga, nikaufunga pale mkono wangu ulipofika wenyewe bila kulazimishwa. Nikairusha fimbo juu ya ua. Akaiokota, akapima, akairudisha kwa njia ile ile, na jioni nikampelekea kuku, kama desturi inavyotaka mkwe anapofunguliwa mdomo aseme na mkwewe. Huo ndio mwiko uliovunjika, Salimu. Niambie ni jicho gani liliona nini.

Alipolishusha bomba na saruji yake ikakauka niliingia peke yangu, nikaketi, nikajimwagia maji mpaka mtungi ukaisha. Mwamina akaniita, "Mama, umezama?" Nikamwambia aniache. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniogesha, na mkiniuliza utajiri wangu ni nini, ni huo.

Sasa, Salimu. Tangu upande wako mmoja ulipolemaa, unatoka Mbekenyera kuja kunijulia hali. Hali yangu unaijua kwa salamu moja, kisha unaomba maji ya kuoga, na huko unakaa mpaka kuku wanalala. Unadhani sisikii? Pete yako inagonga bomba. Nalala hapa naisikia, ngo, ngo, nasema moyoni, treni imefika stesheni. Cheka, ndugu yangu, cheka, ndiyo. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Walisema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimepona kwa mgeni yule, na wewe unapona kwake, kwa siri.

Basi sikieni wosia wangu. Abdulatifu akae hapa na mkewe na watoto wao, asiulizwe mzigo. Bafu lisivunjwe. Yeyote wa ukoo huu ambaye miguu imemkataa aje aoge, asiombe ruhusa. Kila masika yakiisha ikwaruzeni sakafu. Na kizingiti msikirudishe hata kuku wakihamia humo.

Mimi mnioshee humo humo. Mlango ni mpana, mtanipitisha bila kunipinda. Wanawake waingie; Abdulatifu achemshe maji, ayaache nje ya ukuta, ageuke kama alivyozoea.

Mola awape umri, awape... Mwamina, maji kidogo. Basi. Awape magoti mazuri, na yakiisha, awape watu.

Salimu, nipe mkono. Si huo, ule mwingine, hata kama hauna nguvu. Umenibana. Kauli yako nimeipata, na hawa wameiona.

Abdulatifu, utakaa?

... Nimesikia, mkwe wangu.

Biasha, leta fimbo yangu. Uzi bado upo? Ufungue. Babu yako Salimu ni mrefu kuliko mimi, bomba langu linamvunja mgongo, adabu tu inamzuia kusema. Aketi wima... aisimamishe hapa. Mkono ushuke wenyewe. Hapo. Funga hapo, mama.

Sasa mrushie... Abdulatifu. Mrushie, anapokea.