Mama Ephrasia na Harufu Inayowaita Fukusi (1961–2024)

Marehemu Ephrasia Mushumbusi alizaliwa hapa Buganguzi, Wilaya ya Muleba, tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Bartholomayo Kahigi na Mama Benadetha. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Wilbert.

Alisoma shule ya msingi kijijini na sekondari Bukoba, akapata stashahada ya kilimo mwaka 1984. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya wadudu, akafanya kazi humo hadi alipostaafu mwaka 2021. Alishughulika na fukusi wa migomba, mdudu mweusi ambaye funza wake hutoboa tunguu, kile kitako cha mgomba kilicho ardhini, mpaka mgomba unaanguka.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na Onesphory Mushumbusi. Siku moja mumewe alikuta rangi ya kucha mezani, akauliza ni ya nani.

"Ya fukusi," alijibiwa.

Alikuwa akiwapaka vipapasio, zile nyuzi mbili za kichwani. Waliopakwa walipita kando ya tunguu lililokatwa kana kwamba halipo. Wasiopakwa walilifuata moja kwa moja. Hivyo aliwaonyesha wakulima kwamba mdudu huyu hunusa kwa vipapasio, harufu ya mgomba na ile ambayo dume hutoa kuwaita wenzake.

Mwaka 2012, huko Kaagya, aliweka mtego wenye harufu ya dume katika kibanja cha migomba cha mjane, Penina, jirani na shamba lililotelekezwa. Fukusi wa shamba lile waliitikia. Wengi hawakuingia mtegoni. Walihamia kwenye migomba ya Penina, na nusu yake ikaanguka. Marehemu alisimama kwenye mkutano wa kijiji.

"Mtego niliuweka mahali pabaya. Mimi ndiye niliyewaita," alisema.

Alichukua machipukizi safi kutoka kibanja chake, wakapanda pamoja na Penina kwa misimu miwili, hadi mkungu wa kwanza ulipokatwa.

Mwezi Mei mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alifariki hospitalini Bukoba tarehe 17 Oktoba 2024. Siku mbili kabla, alimwambia binti yake, Evodia: "Mtakata migomba mingi kuwapikia waombolezaji. Visiki mvikate chini kabisa, mvifukie siku hiyohiyo. Harufu yake inasafiri."

Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wanne. Visiki tumevifukia jana.

Bwana ampe pumziko la amani.